Masjala Katika Nyumba ya Chokaa

Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi ambazo leo hakuna anayelala ndani yake. Asubuhi mlinzi huzifungua, alasiri huzifunga, na baina ya saa hizo huwa ni ofisi: idara ya serikali, benki, kampuni ya mizigo, shirika la maendeleo, chumba cha wakili. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika nyumba mojawapo, mtaa wa Kiponda. Yale niliyojifunza humo kuhusu maji, uzito, hewa na majirani sikuyapata katika mafunzo yoyote niliyopelekwa na mwajiri. Nayaandika kwa sababu nyumba za namna hiyo zinaendelea kugeuzwa ofisi, na wanaozigeuza huanza kwa kuhesabu vyumba. Wangeanza kwa kuuliza nyumba ilijengwa ifanye kazi gani na inaifanya vipi, wangeokoa fedha nyingi na kuta nyingi.

Niliajiriwa karani wa masjala mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa mbili, imejengwa na mfanyabiashara katika karne ya 19, zama ambazo Zanzibar ilikuwa makao ya Masultani wa ukoo wa Busaidi na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vilimimina mali katika mji huu. Mali hiyo ndiyo iliyojenga nyumba za mawe, na katika nguvu zilizopandisha mawe hayo zimo nguvu za watu waliokuwa hawana uhuru wao. Sisi tuliofanya kazi ndani ya kuta hizo tulikuwa na wajibu wa kulikumbuka hilo tulipokuwa tukiusifu uzuri wake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali. Nyingine zikagawiwa familia, chumba kwa chumba, na nyingine zikapewa ofisi. Yetu ilikuwa katika kundi hili la pili.

Aliyeingia kwa mara ya kwanza alipita mlango wa mbao nzito wa mabamba mawili, wenye mfaa katikati, njumu za shaba na kizingiti cha juu kilichochongwa. Ndani yake mlikuwa na ukumbi mfupi wenye viti vya mawe pembeni. Ukumbi huo haukunyooka moja kwa moja hadi ndani: ulipinda, ili mpita njia asione kinachoendelea uani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kona hiyo ulikuta ua wa ndani, wazi mpaka juu, na vyumba vikiuzunguka katika kila ghorofa. Vyumba vya chini vilikuwa na madirisha madogo ya juu juu, mengine yenye nondo. Vya juu vilikuwa na madirisha marefu yanayoanzia karibu na sakafu, ili aliyekaa mkekani apate upepo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tuliigeuza nyumba ya kuishi kuwa mahali pa kazi. Aliyenifahamisha zaidi ni bi mmoja wa jirani ambaye utotoni alikuwa akiingia humo kucheza. Alifika siku moja kufuatilia karatasi zake, akapiga hodi, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye unayekaa chumba cha karafuu?"

Chumba chetu cha kupokelea wageni, akanieleza, kilikuwa ghala. Kilichofuata kilikuwa cha karani wa tajiri, na ndimo daftari za mali zilimokaa. Wageni wa biashara waliishia ukumbini na katika vyumba vya chini. Ngazi ilikuwa mpaka: aliyepanda alikuwa mtu wa nyumbani au mgeni aliyekaribishwa na wenyewe. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na ofisi tangu siku ya kwanza, na ofisi hiyo ilikuwa na mahali pake. Tajiri yule aliweka gunia, sanduku na mzani chini, penye ardhi. Watu, mikeka na vitanda akaviweka juu, penye upepo. Mpangilio huo ulibeba adabu ya nyumba, na pia ulibeba hesabu ya uzito.

Hesabu hiyo wakuu wetu hawakuiona. Masjala iliwekwa ghorofa ya kwanza, katika chumba kirefu kuliko vyote, kwa sababu chini palionekana pana unyevu utakaoharibu majalada. Makabati ya chuma yakapangwa safu mbili katikati ya chumba, na kila mwaka majalada yakaongezeka. Baada ya miaka michache mlango wa chumba cha chini yake ukaanza kugoma kufunga. Kisha chokaa ya dari ikaanza kudondoka mezani kwa mhasibu.

Aliitwa fundi mwashi, mzee aliyekuwa amefanya kazi ya mawe na chokaa tangu ujana wake. Hakugusa ukuta. Alitaka uzi, akaufunga kutoka ukuta huu hadi ule, sawasawa na sakafu, akatuonyesha jinsi sakafu ilivyoshuka katikati. Kisha akatueleza dari imejengwaje. Boriti za mikoko hulazwa karibu karibu, vichwa vyake vikiwa ndani ya ukuta. Juu yake hupangwa mawe bapa, juu ya mawe humiminwa kokoto na chokaa, halafu sakafu hupigwa kwa magongo mpaka ishikane. Zamani kazi hiyo ya kupiga sakafu ilichukua siku nyingi na ilifanywa na kundi la watu kwa nyimbo, ili mapigo yaende pamoja. Dari ya namna hiyo tayari ina uzito mkubwa wa kwake yenyewe kabla hujaweka kitu juu yake.

Nilimuuliza kwa nini vyumba vyote vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba za matajiri wakubwa.

"Mwanangu," akasema, "chumba hiki hakikupimwa hapa. Kilipimwa mikokoni."

Nilipofuatilia nikaona maana yake. Boriti zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji na pwani ya Lamu, na nyingine zilipita hapa kwenda Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Mkoko ulionyooka na wenye unene wa kufaa hukupa boriti ya kama mita 3. Ukiondoa sehemu inayoingia ukutani pande zote mbili, kinachobaki ndicho upana wa chumba. Tajiri angeweza kurefusha chumba atakavyo, lakini upana ulikuwa na kikomo chake. Nguvu ya boriti nayo iko karibu na ukuta, na udhaifu wake uko katikati. Makabati yetu yalikuwa yamepangwa pale pale katikati.

Tulishusha majalada. Lakini hofu ya unyevu ilikuwa ya kweli, kwa hiyo hatukuyashusha ovyo. Fundi alichagua ghala la zamani, lile lenye madirisha ya juu, akakwangua rangi ya mafuta iliyopakwa ukutani na kuupaka chokaa. Rafu zikawekwa juu ya miguu na kuachwa mbali na ukuta kiasi cha mtu kuweza kupitisha mkono na ufagio. Madirisha yakafunguliwa kila asubuhi. Karatasi zikakaa salama, mlango ukafunga, na dari ikapumzika. Tangu hapo kila nilipohamishiwa jengo jingine la kale nilitazama kwanza kitu kizito kimekaa wapi.

Jambo la pili lilihusu maji, na hili ndilo linaloua nyumba nyingi kuliko jingine lolote. Ukuta wa Mji Mkongwe ni wa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake aghalabu huzidi nusu mita. Ukuta huo hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, huyanywa mvua inapopiga, kisha huyatoa nje polepole jua likiwaka na upepo ukipita. Lipu ya chokaa huruhusu hilo. Chokaa ni laini na ina vinyweleo. Ikichoka hubanduka yenyewe, nawe unapaka upya, huku jiwe lililo nyuma yake likibaki salama.

Ofisi yetu ilipata fungu la matengenezo, na mkandarasi akapiga lipu ya saruji kuta zote za chini, nje na ndani. Kwa msimu mmoja zilipendeza. Masika yaliyofuata maji yaliingia ukutani kama kawaida yake, kutoka chini na kutoka kwenye mfereji wa paa uliovuja, lakini hayakuwa tena na pa kutokea. Yakapanda. Mstari wa unyevu uliokuwa ukifika magotini ukafika kifuani. Chumvi ikatokeza kwa unga mweupe juu ya mahali saruji ilipoishia. Mwishowe unyevu ukafikia vichwa vya boriti vilivyomo ukutani, mahali ambapo jicho haliwezi kuviona, na hapo vikaanza kuoza. Mchwa hupenda mti wa namna hiyo. Boriti inaweza kuonekana nzima kabisa ukiitazama kutoka chini huku kichwa chake ndani ya ukuta kimekuwa unga.

Yule mzee ndiye aliyeirudisha chokaa. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko wakuu walivyopenda, kwa sababu chokaa haikubali haraka. Jiwe huchomwa tanuuni juu ya magogo mpaka libadilike, kisha huzimwa kwa maji, nalo huchemka na kupasuka. Baada ya hapo chokaa iliyozimwa huachwa shimoni kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Ikishapakwa ukutani, huvuta hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana hupakwa tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likisubiriwa. Mzee alikuwa akinyunyiza maji ukutani asubuhi na jioni ili lipu isikauke kwa pupa na kupasuka. Vijana wawili wa ofisi waliwekwa chini yake wajifunze. Mmoja wao leo ni fundi anayetafutwa, na mimi nalihesabu hilo kuwa matunda makubwa ya matengenezo yale kuliko kuta zenyewe.

Hewa nayo ilikuwa na mafundisho yake. Ua wa ndani haukuachwa wazi kwa sababu ya upungufu wa vifaa. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya ua, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya ukumbini na vyumba vya chini ambako jua halifiki. Kuta nene hupokea joto la mchana polepole, na kwa saa nyingi ndani hubaki baridi kuliko njiani. Mnamo miaka ya 1990 ofisi iliongezeka watu, na ikaamuliwa ua ufunikwe kwa mabati ili tupate chumba cha mikutano. Siku chache baadaye vyumba vya juu havikukalika. Vikaletwa viyoyozi, kila kiyoyozi kikatobolewa tundu lake ukutani, madirisha yakafungwa, na maji ya mashine yakawa yanatiririka juu ya lipu usiku na mchana. Bi Mkubwa wa jirani alipopita tena alitazama juu akasema neno moja tu: "Mmeiziba pua." Mabati yaliondolewa baada ya fundi wa umeme kutoa hesabu ya gharama za mwezi, na mikutano ikafanywa kwenye baraza ya ghorofa ya kwanza, kwenye kivuli, penye upepo wa kaskazi au wa kusi kutegemea msimu.

Nje ya nyumba kulikuwa na baraza, yaani viti vya mawe pande zote mbili za mlango, kama ilivyo desturi ya mitaa yetu. Wazee walikaa hapo baada ya sala ya alasiri, watoto walifanyia hapo masomo yao ya chuoni, na muuza kahawa alilitua deli lake pale. Ofisi ilipoingia, amri ikatoka kwamba watu wasikae, kwa sababu za usalama. Mtaa ukaitii amri na kututenga. Athari yake ilionekana siku za mapumziko ya Sikukuu. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba kwa majani, mvua ikanyesha, maji yakamwagika ukutani mpaka ofisi ilipofunguliwa tena. Watu wa mtaa walikuwa wameyaona. Hakuna aliyejua amwambie nani.

Baadaye akaja mkuu mpya, mtu wa Mji Mkongwe, akawaomba radhi wazee na kuwarudishia baraza yao. Akawapa namba ya mlinzi na ya fundi. Tangu hapo hakuna tundu la paa lililopita juma bila kuripotiwa. Nyumba ya mjini imeegemeana na za jirani, mara nyingine kwa ukuta mmoja. Maji ya huyu huingia kwa yule. Ofisi inayojifungia isiwajue majirani hujinyima walinzi wake bora, tena wasiodai mshahara.

Niliyoyaona katika nyumba yetu ndogo yanaonekana pia katika majengo makubwa yanayojulikana na kila mtu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi, ilifanywa ofisi za serikali na Waingereza tangu 1911, na baada ya Mapinduzi ikawa na matumizi mengine kadhaa mpaka kuwa makumbusho. Ni jengo lililobeba kazi nyingi ambazo halikujengewa. Sehemu za veranda zake zilianza kuanguka, makumbusho yakafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na kuua watu 2. Siku ile watu wengi wa Zanzibar walilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Vifo vile vilitukumbusha kwamba kuhifadhi nyumba ni kuhifadhi roho za watu walio ndani na walio pembeni mwake.

Karibu na bandari pako Zahanati Kongwe. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, naye akafariki mwaka 1891 kabla jengo halijakamilika, likamalizwa 1894. Lilipochakaa, Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ililitengeneza katika miaka ya 1990, kwa kurudi kwenye vifaa vya asili na kwa kuwafunza mafundi wa hapa. Likapata ofisi na maduka ndani yake, na ngazi, ua na roshani zake za mbao zilizochongwa zikabaki zinafanya kazi ile ile. Hapo nilipata ushahidi kwamba ubaya haumo katika ofisi. Jengo la kale linaweza kuwa na meza, kompyuta na watumishi na likaishi, mradi meza zimefuata jengo.

Niliwahi pia kutumwa Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wetu. Nyumba za kale za kule hupangwa kutoka daka la mlangoni, kupitia tekani (ukumbi wa kuingilia) na kiwanda (ua wa ndani), hadi misana (vyumba virefu) na chumba cha ndani kabisa chenye zidaka (vishubaka) za chokaa iliyochongwa. Kila hatua humtenga zaidi mtu na njia. Niliona nyumba moja iliyogeuzwa ofisi ambamo wateja wote walipokelewa kiwandani, na chumba cha ndani kikawa cha nyaraka za siri. Aliyepanga alikuwa ameisoma nyumba kabla ya kuleta samani.

Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na sheria ya mwaka 1994 ikaipa nguvu. Vibali na ukaguzi vina umuhimu mkubwa, lakini mkaguzi hawezi kuwepo kila siku mvua inaponyesha. Anayekuwepo ni mtumiaji wa nyumba. Ofisi yenye bajeti ya viti na vipakatalishi inaweza kutenga fungu la chokaa kila mwaka. Fungu hilo ni dogo likitolewa kila mwaka, na hugeuka kuwa mamilioni likiahirishwa, maana boriti iliyooza haitengenezwi kwa kupakwa rangi.

Ninawaomba wakuu wa ofisi, wamiliki, wasimamizi wa mali za wakfu na wapangaji wote waliomo katika nyumba hizi wayafanye haya. Kabla ya kuhamia, muiteni fundi anayeijua chokaa awaonyeshe boriti zinavyolala. Vitu vizito vikae chini, mbali na ukuta. Ukuta wa matumbawe usipigwe saruji. Ua uachwe wazi, na kama nafasi haitoshi, tafuteni jengo jingine kwa ajili ya ziada. Baraza irudishiwe watu wa mtaa. Ikiwezekana, ghorofa ya juu apewe mtu mwenye familia, ili usiku kuwe na taa na mtu wa kusikia maji yanapodondoka. Kila fundi mzee apewe vijana wa kumrithi, kwa sababu waliobaki ni wachache.

Nawe msomaji, ukiwa ndiye unayeshika ufunguo wa nyumba moja ya namna hiyo, usingoje barua kutoka juu. Masika huanza Machi. Panda kwenye paa Februari, ukaondoe majani kwenye mifereji.